Sentimita nane tulizonunua, tano zilizobaki

Mama mmoja wa Mwanza alinipigia simu Ijumaa usiku, saa nne imeshapita. Akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, "Samahani dada, namba yako nimepewa na muuguzi." Mwanawe wa kiume ana miaka sita na ana akondroplasia, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mikono na miguu ibaki mifupi. Kuna mtu kawaambia kwamba nje ya nchi wanarefusha miguu, na kwamba mtoto akiwahishwa ndiyo vizuri zaidi, maana mifupa bado michanga. Ndugu wameshaanza kuchanga. Swali lake lilikuwa moja tu: wampeleke mwaka huu au mwakani?

Tuliongea mpaka simu yangu ikaisha chaji. Mwaka huu peke yake yeye ni mzazi wa tano kuniuliza swali hilo hilo, kwa hiyo nimeona niyaandike yale niliyomwambia, pamoja na yale ambayo sikuwahi kuyafikia kabla simu haijazima.

Binti yangu alizaliwa mwaka 2003 hapa Dar es Salaam. Mimi na baba yake ni watu wa kimo cha kawaida, na maneno ya watu mwaka ule wa kwanza yalitumaliza. Nilichelewa sana kujua kwamba watoto wa aina hii, kama wanane katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Ni badiliko dogo katika jeni moja iitwayo FGFR3, na mara nyingi hutokea lenyewe. Hakuna aliyelogwa, wala hakuna mama aliyekula kitu kibaya. Jeni hiyo ni kama breki ya ukuaji wa mifupa mirefu, na kwa watoto wetu breki imekazwa kupita kiasi. Naomba ushike neno hilo, breki, kwa sababu kosa letu lilianzia hapo. Tulidhani upasuaji unailegeza.

Mwaka 2011 binti yangu alikuwa na miaka minane na urefu wa sentimita 101. Tuliuza kiwanja cha Kigamboni, wajomba zake wakaongeza, tukaenda India. Daktari alituahidi sentimita 8 kwenye miundi yote miwili, yaani mifupa ya chini ya goti. Alituahidi na alizitoa. Kuhusu hilo sina malalamiko.

Njia yenyewe ilianzishwa na daktari Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu waliovunjika mifupa ikakataa kuunga, au wenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Aligundua kwamba mfupa ukikatwa kwa uangalifu, kisha ncha zake mbili zikitenganishwa taratibu kwa vyuma vinavyofungwa nje ya mguu kwa pini, mwanya ule hujijaza mfupa mpya. Nchi za Magharibi zilianza kuijua vizuri miaka ya 1980, baada ya mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, kutibiwa Kurgan na kurudi kwao akitembea sawasawa. Baadaye ndipo Italia na Hispania zilianza kuitumia kwa wingi kuongeza kimo cha watu wenye akondroplasia. Nasimulia haya kwa sababu mimi nilidhani ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto wangu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mfupa uliovunjika, na mtu mzima aliyevunjika mguu hana tena ukuaji wa kuharibu.

Mfupa wa mtoto hauongezeki katikati. Unaongezeka karibu na ncha zake, kwenye utando mwembamba wa gegedu, yaani mfupa laini, ambao kwenye picha ya eksirei unaonekana kama mstari mweusi. Hilo ndilo gegedu la ukuaji. Likiwa wazi, mtoto anakua. Likifunga, kazi imekwisha na hakuna chakula wala maziwa yatakayolifungua. Upasuaji wa kurefusha hauligusi gegedu hilo. Daktari anakata mfupa mahali pengine, ndiyo maana hata sisi tuliona hakuna ubaya. Lakini mfupa ukivutwa, misuli, kano, mishipa na ngozi havitaki kuvutwa. Vinavuta kurudi nyuma, usiku na mchana, kwa miezi. Nguvu hiyo yote inaangukia kwenye maungio na kwenye magegedu. Na gegedu la ukuaji likikandamizwa kwa muda mrefu hupunguza mwendo, na likikandamizwa mno linaweza kufunga kabla ya wakati wake. Sasa mtoto mwenye akondroplasia gegedu lake lilishakuwa na breki tangu tumboni. Unaikaza tena.

Niliyaona haya nyumbani kabla sijayasoma popote. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kwetu kuna mistari ya penseli, mmoja kwa kila siku yake ya kuzaliwa. Kuanzia miaka mitatu hadi minane mistari imeachana karibu sentimita nne nne. Kisha kuna mruko mkubwa: miaka tisa na nusu, vyuma vimeshatolewa na magoti yameshanyooka, sentimita 112. Siku ile tulipika pilau. Mwaka uliofuata mstari ulipanda sentimita tatu na ushee. Uliofuata, mbili na nusu. Baba yake alisema labda amechoka na mazoezi, atapata nguvu tena. Mimi nilimpa uji wa lishe asubuhi na jioni. Mistari ikazidi kusogeleana, na alipofika miaka 16 ikasimama kabisa.

Daktari wa mifupa wa hapa nyumbani ndiye aliyenikalisha chini na picha zote, za kabla na za baada, akanionyesha. Paja lilikuwa limeendelea kukua kama kawaida yake. Muundi ulikuwa umekua kidogo sana tangu vyuma vitolewe, na magegedu yake yalifunga mapema kuliko ya paja. Akapiga hesabu ya mahali ambapo angefika bila upasuaji, akasema, "Mama, zile nane zilikuwa nane kweli. Lakini mguu umelipa tatu kati ya hizo." Nikakaa kimya. Hata yeye hakuongeza neno, na ninamshukuru kwa hilo.

Mwaka 2012, mwaka mmoja tu baada ya operesheni yetu, madaktari wa Korea Kusini walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wenye akondroplasia waliorefushwa miguu kabla ya kumaliza kukua. Waliona kitu kile kile nilichokuwa nacho kwenye mwimo wa mlango: ukuaji uliopungua na magegedu yaliyofunga kabla ya wakati. Leo daktari yeyote anayefanya kazi hii anapaswa kulijua jambo hilo. Asipolitaja mwenyewe, litaje wewe.

Jambo lingine ambalo ningependa kila mzazi atoke nalo hapa ni hili: usihesabu sentimita, hesabu sehemu ya mfupa. Sentimita 8 kwenye mguu wa mtu mzima ni nyingi lakini zinaeleweka. Mfupa wa muundi wa binti yangu ulikuwa na sentimita 17. Tulikuwa tunauongezea karibu nusu yake. Kadiri unavyodai sehemu kubwa ya mfupa kwa mkupuo mmoja, ndivyo misuli inavyopigana, na ndivyo gegedu, goti na kifundo vinavyoumia. Kwa hiyo ukiambiwa sentimita kadhaa, uliza mfupa wenyewe leo una urefu gani, kisha gawanya mwenyewe kwenye karatasi palepale mbele ya daktari. Uliza pia mtoto amebakiza miaka mingapi ya kukua na katika hesabu ya kimo cha mwisho wameondoa kiasi gani kwa ajili ya ukuaji utakaopungua. Kama jibu ni kwamba hawakuondoa kitu, hiyo hesabu haijakamilika.

Wapo madaktari wazuri, wenye uzoefu mkubwa, wanaoanza na watoto wa miaka saba, nane, tisa, kisha wanarudia akiwa kijana. Wanasema mfupa wa mtoto huunga upesi, na kwamba kimo kinachopatikana mapema kinamsaidia shuleni na michezoni. Ni kweli mfupa huunga upesi. Lakini wale walio makini hurefusha kiasi kidogo kila awamu, na wanakueleza wazi gharama ya ukuaji. Mimi, kwa nilichokiona, ningesubiri mpaka magegedu yakaribie kufunga au yafunge kabisa. Sentimita utakayoongeza wakati huo haina cha kupunguza upande wa pili.

Usichanganye hili na miguu iliyopinda. Watoto wengi wenye akondroplasia wana matege, na yakizidi, goti linauma, kifundo kinauma, mtoto anaanza kukwepa kutembea. Hiyo ni sababu ya kumwona daktari wa mifupa wa watoto sasa hivi, bila kusubiri miaka 15. Kunyoosha na kurefusha ni mambo mawili tofauti hata kama vyuma vinafanana. Mama wa Mwanza nilimuuliza swali hilo mapema kabisa: je, anaumwa? Akasema haumwi, anacheza mpira na wenzake mpaka magharibi.

Tena kuna dawa. Mwaka 2021 Ulaya na Marekani ziliruhusu sindano iitwayo vosoritaidi, ya kuchomwa kila siku, ambayo inapunguza ile breki yenyewe. Katika majaribio watoto waliotumia waliongeza takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka zaidi ya wale ambao hawakuitumia. Bei yake kwa sasa ni mlima kwa familia kama zetu. Sikuitaja kwa ajili ya kumtamanisha mtu. Nimeitaja kwa sababu inafanya kazi pale tu gegedu la ukuaji lingali wazi. Mtoto wa miaka sita leo ana miaka kumi au zaidi mbele yake, na dawa hushuka bei, na nyingine zinaendelea kufanyiwa majaribio. Ukimfungia gegedu akiwa na miaka 12, umemfungia na mlango huo. Binti yangu alikuwa na miaka 18 dawa hiyo ilipotoka. Gegedu lake lilikuwa limeshafunga hata hivyo, na kila mtu wa umri wake yuko hivyo. Wa Mwanza hayuko hivyo.

Sasa nikuambie maisha ya ndani ya vyuma, kwa sababu watu huonyeshwa picha ya kabla na picha ya baada, na katikati hapasemwi.

Nati zinakazwa robo milimita kila baada ya saa sita. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, miguu yote miwili, siku 80. Ile ya usiku wa manane nilikuwa namkazia akiwa usingizini, na mara nyingi aliamka. Baada ya hapo vyuma vinabaki mpaka mfupa mpya ukomae. Kwa jumla hesabu kama mwezi mmoja kwa kila sentimita, kwa hiyo sisi tulikaa navyo miezi minane na siku kadhaa. Tulirudi Dar navyo, kwenye joto la Februari. Kila pini ina tundu lake kwenye ngozi, na kila tundu linataka kusafishwa kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, pamba safi kwa kila moja, usitumie pamba moja kwa matundu mawili. Jasho likiingia, ngozi inakuwa nyekundu, kisha usaha. Tulipata maambukizi mara tatu. Mara ya tatu homa ilipanda usiku na tukakimbilia hospitali na bajaji, mimi nimemshikilia miguu isigonge chuma cha mlango. Sketi nilimshonea za kufunga pembeni. Darasa la tatu alilirudia.

Kosa letu kubwa nyumbani lilikuwa mazoezi. Kule India alikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia kila siku. Tuliporudi, fedha zilikuwa zimeisha, tukapunguza mpaka mara moja kwa wiki, na siku nyingine nilimwonea huruma akilia nikamwachia. Kisigino kikaanza kupanda. Kano ya kisigino ilikuwa imevutwa na mfupa, na kama haikunyooshwa kila siku hujikaza. Vyuma vilipotolewa alikuwa hawezi kukanyaga chini kwa wayo mzima, akafanyiwa operesheni nyingine ya kurefusha kano. Kwa hiyo kama fedha yenu inatosha upasuaji na tiketi peke yake, haitoshi. Fungu la mazoezi ya mwaka mzima liwekwe pembeni kabla hamjakata tiketi. Na wewe mzazi jifunze mwenyewe kunyoosha goti na kifundo, ufanye mbele ya mtaalamu mpaka aridhike na mikono yako.

Kabla ya dawa ya usingizi yoyote, hata kwa operesheni ndogo, mkumbushe daktari kuangalia shingo. Kwa watoto wetu lile tundu la chini ya fuvu linamopita uti wa mgongo huwa jembamba, na njia ya hewa ni ndogo. Uliza kama wamezoea kuwalaza watoto wenye akondroplasia. Ukiona wanashangaa swali, ahirisha.

Ushauri wa kwanza upateni hapa karibu: taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, hospitali ya CCBRT hapa Dar, hospitali ya KCMC Moshi, na majirani zetu wana hospitali ya CURE kule Kijabe, Kenya, na ya CoRSU pale Kisubi, Uganda. Nendeni na picha na maswali, msiende na begi la safari.

Mnajiuliza kama najuta. Binti yangu ana miaka 22 sasa, anasomea uhasibu. Sentimita tano zile zinamsaidia kupanda daladala bila kushikwa kiuno na konda, na hilo anasema ni jambo kubwa. Anatembea vizuri. Makovu yake amekubaliana nayo. Ninachojutia kimoja nilikisikia akiwa na miaka 15, usiku mmoja tukikunja nguo. Alisema, "Mama, hakuna aliyeniuliza. Mngeniuliza, ningewaambia mikono."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, huku ameinamia nguo. Mikono yake haimfikii vizuri nyuma akienda chooni. Muda wote wa bweni alikuwa anaamka kabla ya wenzake ili apate nafasi na muda wa kujisafisha kwa kijiti alichokuwa amekitengeneza mwenyewe. Kusuka utosi hawezi. Nilikuwa mama yake kwa miaka 15 na sikujua, kwa sababu nilikuwa naangalia mwimo wa mlango. Urefushaji wa mfupa wa juu wa mkono upo, madaktari wengi wanaona mikono inauvumilia vizuri kuliko muundi, na sentimita chache pale zinabadilisha usafi na heshima ya mtu. Tungeweza kusubiri mpaka awe mkubwa, tukaanza na kile alichokihitaji. Sasa uamuzi huo ni wake. Anausoma taratibu, na mimi nimenyamaza.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, simu ilipopata chaji, nilimpigia tena yule mama na safari hii nikampa binti yangu simu aongee na mtoto. Walisalimiana, wakaongea mpira. Kisha akamuuliza, "Kuna kitu gani hapo kwenu unataka kukifikia na hukifikii?" Mtoto akafikiri. Akasema swichi ya taa ya chumbani, kwa sababu usiku akitaka kwenda chooni lazima amwamshe kaka yake, na kaka yake hukasirika.

Jumatatu fundi umeme alikuja akaishusha. Mama yake alinitumia picha: mtoto amesimama kando ya ukuta, kidole kiko kwenye swichi, na taa inawaka mchana kweupe.